Mimba ya Maharage ya Mwalimu Séverine

Mnaosoma haya hamtaamini, na sitawabembeleza. Hata pale sokoni Mpanda wapo walioyaona kwa macho yao na mpaka leo wanabisha. Wengine waliula ushahidi wenyewe, wakalamba na vidole, na bado wanabisha. Habari yenyewe ni ya mjane mmoja mcha Mungu, mwalimu wa wakunga, aliyebeba mimba mwaka tisini na sita bila mwanaume, akiwa na umri wa kuitwa bibi. Na mimba hiyo ilishonwa kwa cherehani.

Cherehani ilikuwa ya fundi Apolinari Lyamba, ambaye ndiye huyu anayewaandikia. Shule aliacha darasa la nne, si kwa kukosa akili, ila walimu walikuwa wameishiwa vya kumfundisha. Lakini tumwache huyo, sifa zake zingejaza kitabu kingine. Tunamsema shemeji yake, Séverine, mke wa marehemu kaka yake Yohani.

Séverine alitoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa binti, mdogo wake mgongoni, sufuria kichwani. Akakulia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wakati Katumba bado ni msitu uliogawiwa majina ya vijiji. Watawa wakamwona ana mikono, wakampeleka kusomea ukunga. Ndiyo, mikono. Mtu akimtaja Séverine anaanza na mikono. Kabla hajamgusa mama mjamzito huisugua mpaka ipate moto, hata mwezi wa kumi, jua la Mpanda linapokaanga mawe. Wanafunzi wakimuuliza, huwajibu: "Hii mikono ndiyo inabisha hodi kwa mtoto. Wewe unapenda kubishiwa hodi na baridi?"

Alipoolewa na Yohani alihamia Ilembo, mtaa wa Mpanda mjini, na huko ndiko kilikokuwa chuo kidogo cha wale watawa, nyuma ya kanisa. Palikuwa na darasa, wodi, chumba cha kliniki, na nyumba ya kusubiria, ile wanamokaa wajawazito wa mbali au wenye matatizo mpaka siku yao ifike. Wanafunzi walikuwa wachache, na wawili kati yao ndio waliompa mwalimu kazi. Mmoja Capitoline, binti wa Mishamo, amemaliza kidato cha nne, anajua majina ya mifupa yote na anajua kwamba anayajua. Mwingine Dieudonne, mwanaume pekee darasani, mrefu kiasi kwamba anainama kwenye kila mlango kwa mazoea, hata ule wa kanisa.

Mambo yalianza kwa Capitoline. Siku ya kliniki aliingia mama mmoja wa Kasokola, tumbo limemtangulia, amekuja kwa miguu.

"Mama, panda kitandani," Capitoline akasema. "Upesi. Mbona mnapenda kuchelewa nyie?"

Yule mama akajaribu kupanda, ikashindikana. Akajaribu kwa ubavu. Capitoline akaangalia saa.

Séverine hakusema kitu mbele ya mgonjwa. Alimpandisha yule mama mwenyewe, akampima, akamsindikiza mpaka getini wakiongea habari za mpunga. Aliporudi ndipo akafunga mlango.

"Capitoline. Mimba ya miezi minane ina uzito gani?"

Capitoline akataja. Akataja mtoto, akataja maji, akataja kondo la nyuma, kama anasali rozari.

"Safi. Umewahi kuibeba?"

"Mwalimu, mimi sijaolewa!"

"Sijauliza harusi. Nimeuliza mzigo." Akawageukia wote. "Kuanzia wiki hii, kila mmoja wenu atafungiwa tumbo. Atachota nalo maji, ataenda nalo sokoni, atapanda nalo kitanda hiki. Ndipo atarudi kumgusa mama wa mtu."

Capitoline akasema sokoni watamcheka mpaka habari zifike Mishamo. Dieudonne akainua mkono, mkono wenyewe ukagusa dari.

"Mwalimu, mimi ni mwanaume."

"Mgongo wako haujui hilo. Nani anaanza?"

Kila mtu akaanza kuangalia viatu vyake.

"Haya," Séverine akasema. "Naanza mimi."

Mchana huohuo alikuwa kwenye baraza la fundi Apolinari.

"Shemeji, nishonee mimba."

Fundi akatoa mguu kwenye pedeli. "Shemeji, kazi hiyo kwa kawaida haifanyiki kwa cherehani."

"Funga mdomo, upime."

Akapima. Akachukua turubai la hema, akaweka mikanda ya kitenge ya kufunga mgongoni na begani, akashona mshono mara mbili, mshono ambao ungemzuia tembo. Ndani wakatia maharage ya Katumba, na kibuyu kidogo mahali pa kichwa, kimeelekea chini kama mtoto mwenye akili anavyotakiwa kukaa. Séverine alipojifunga na kuvaa gauni juu yake, fundi mwenyewe, aliyeishona, alisimama akampisha kiti.

Alipotokea sokoni asubuhi iliyofuata, muuza chumvi alimwaga chumvi. Mjane wa Yohani! Kiongozi wa sala! Séverine aliwasalimia wote, mkono kiunoni, anatembea kama bata. Hakuwa anaigiza. Kibuyu kilikuwa kinamgonga kila hatua, na yeye anaweka akilini: hapa kiuno kinalia, hapa pumzi inakata, kitunguu kikianguka kukiokota ni safari. Alikuwa anakusanya somo.

Upande wa wauza maziwa alikaa mwanamke kijana wa Kisukuma, Lusia, mke wa Luhende. Watu wa Luhende walikuwa wamekuja juzi tu na ng'ombe wao kutoka kaskazini, hawajui mtu mjini, wakaweka maboma ng'ambo ya Kasokola. Lusia hakumwangalia Séverine usoni. Aliangalia tumbo.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimia asubuhi njema kwa Kisukuma, kisha akamsogezea kigoda alichokuwa amekalia mwenyewe. "Kaa. Huo mzigo naujua."

"Na wewe?" Séverine akauliza, akijishusha polepole.

Lusia akatazama kulia na kushoto, akafunua shuka kidogo. Chini ya zile nguo zote kulikuwa na tumbo, la kweli, na soko zima halikuwa limeliona.

Kwao Lusia mimba ilikuwa haisemwi. Mimba zake mbili za kwanza zilisemwa, na zote ziliharibika. Kwa hiyo mama mkwe akamkataza hii ya tatu asiitaje mbele ya mtu mwenye tumbo tupu, awe nesi, awe padri. Wa kuambiwa ni mmoja tu, mwanamke mwenye mzigo kama wake, kwa sababu huyo hana haja ya kuutamani wa mwenzake. Na maskini wa Mungu alikuwa amekaa na maneno yake tumboni juu ya mtoto, hana wa kumwambia, mpaka maharage ya Katumba yalipotokea.

Akayamwaga yote.

"Mwenzangu, wewe kichwa kinakuuma? Changu kinapasuka. Na mchana kweupe naona vimulimuli. Angalia na miguu." Akabonyeza juu ya unyayo kwa kidole. Shimo likabaki pale, halirudi.

Ile mikono ya Séverine iliyosifika kwa joto, ikapoa. Alijua anachokiona. Ni dalili za kifafa cha mimba, kile kinachomwangusha mama na kumtikisa, na mara nyingi kinaondoka na wawili. Aliwahi kumkuta mama wa namna hiyo huko Kapalamsenga, ziwani. Akamwambia mimi ni nesi, twende kituoni. Yule mama akasema nakuja, akatoroka. Waliporudi kumtafuta walikuta watu wamekaa matanga.

Neno "mimi ni mkunga" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akalimeza.

"Hata mimi kichwa," akasema. "Kesho napimwa Ilembo. Naogopa kwenda peke yangu. Nisindikize."

Lusia akacheka. "Mtu mzima hivyo unaogopa?"

"Naogopa sana," Séverine akasema, na hapo hakuwa anadanganya hata kidogo.

Kesho yake kabla ya kliniki aliwaita wanafunzi. "Leo mimi siyo mwalimu. Mimi ni mjamzito, nimekuja na mwenzangu. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize."

Alipoingia na Lusia, Séverine alitangulia kupanda kitanda ili Lusia aone hakuna ubaya. Akashindwa. Kweli akashindwa. Akajaribu kwa ubavu, kama yule mama wa Kasokola, na jasho likamtoka. Capitoline alisimama pale, amekodoa macho. Halafu akaenda kuchukua stuli, akaiweka chini, akainama.

"Pole, mama. Shika bega langu. Hatuna haraka."

Lilikuwa bega la kwanza kutolewa na Capitoline tangu ajiunge na chuo. Lusia alipofuata, stuli ilikuwa inamsubiri na bega pia.

Dieudonne akachukua kile kipaza cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, kinachofanana na tarumbeta fupi. Akasugua mikono. Akaweka kipaza kwenye maharage, akaweka sikio.

"Anacheza?" Lusia akauliza.

"Ametulia, mama," Dieudonne akasema, uso kama shemasi. "Mtoto mwenye adabu."

Kisha akaenda kwa Lusia, na huko akasikia moyo kweli, unakimbia kama cherehani ya Apolinari wiki ya Krismasi, na akasahau kabisa mambo ya kucheka. Capitoline akapima presha ya Lusia. Akapima tena. Wakachemsha mkojo kwenye chupa ndogo, ukaganda mweupe kama ute wa yai. Capitoline akamwangalia mwalimu wake, na mwalimu akafumba macho mara moja, maana yake, ndiyo, umeona vizuri.

Daktari wa wodi akaitwa, akasema Lusia asirudi Kasokola. Alale nyumba ya kusubiria, apewe dawa, apimwe kila siku, na presha ikipanda mtoto atolewe bila kusubiri.

"Nilale hapa peke yangu?" Lusia akaanza kukusanya shuka zake. "Na watu wenye matumbo matupu wananiangalia? Naenda kwetu." Halafu akasita. "Labda huyu mwenzangu akikaa."

Wote wakamgeukia mwenzake.

"Nakaa," Séverine akasema.

Hapo sasa ndipo mnapotakiwa kumheshimu huyu mwanamke, hata kama aliyewaletea habari zake ni mtani wake. Mchezo wa siku chache uligeuka makazi. Alifundisha akiwa na tumbo, mlango umefungwa Lusia asisikie, alikula na tumbo, alilala nalo, kitanda chake karibu na cha Lusia, wakilalamika kiungulia kwa zamu. Lusia alimfundisha kusuka vikapu. Yeye akamfundisha Lusia kumhesabu mtoto akipiga mateke, na kuita mtu upesi vimulimuli vikirudi. Luhende alipokuja na baiskeli, amekunja uso, kumuuliza mkewe nani kamfungia hapa, Lusia alimwonyesha tu lile tumbo la jirani. Luhende akaliangalia, akaliamini, akaacha kibuyu cha maziwa, akaondoka.

Mjini huko moto uliwaka. Kwanza walitafuta mwanaume. Akatajwa mwalimu wa kwaya, akatajwa mwenye mashine ya kusaga, hatimaye wenye akili wakamtaja fundi Apolinari, shemeji mtu. Apolinari alikana, ila hakukana kwa haraka. Kwa ucheleweshaji huo mkewe alimnyima ugali, akaishi kwa maandazi ya sokoni mpaka suruali zikaanza kumvuka.

Kisha akaja Mama Thacienne, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani, na akina mama wawili nyuma yake. Walimkuta Séverine barazani pa nyumba ya kusubiria, Lusia yuko pembeni yake amenyoosha miguu.

"Séverine, dada yetu," Mama Thacienne akaanza, "hatujaja kuhukumu."

"Karibuni, kaeni."

"Hatukai. Umeona nini wewe, mjane wa watu? Wasichana wetu wanakutazama wewe! Jumapili huwezi tena kuongoza sala. Labda useme kitu. Useme ni kitu gani hiki."

Neno moja tu lilitosha. Maharage. Angelisema, wangecheka wote, wangemkumbatia, na Jumapili angesimama mbele kama kawaida. Sala hizo alikuwa ameziongoza tangu Yohani yuko hai, na hakuna kitu alichokipenda kuzidi. Lakini Lusia alikuwa pale, mkono wake umeshika mkanda wa gauni la Séverine kama mtoto anavyomshika mama sokoni.

"Nikijifungua mtaniona," Séverine akasema.

Mama Thacienne akashika mdomo. Wakaondoka bila kuaga. Capitoline alikuwa ameyasikia yote dirishani, na akatoka machozi yanamtiririka, akamnong'oneza sikioni.

"Mwalimu, niende nikawaambie?"

"Nenda kapime presha," Séverine akamjibu.

Uchungu ulimshika Lusia siku ya gulio, kabla ya wakati wake, saa za asubuhi. Daktari alikuwa amekwenda ziwani na gari. Presha ilikuwa imepanda na vimulimuli vimerudi. Lusia amefumba macho kwa uchungu, haoni nani anafanya nini, Séverine akamchoma sindano aliyoacha daktari, akawaweka wanafunzi kila mmoja mahali pake, akasugua mikono, akainama ili ampokee mtoto.

Hakuweza kuinama. Kibuyu kilimsukuma nyuma. Akajaribu kwa ubavu. Lusia akafumbua macho, yakaanza kuangalia juu, na Séverine akajua hakuna tena muda wa ujirani. Akapeleka mkono mgongoni, akavuta mkanda.

Fundo likaachia. Lilikuwa fundo, siyo mshono, hilo lieleweke. Tumbo likaanguka sakafuni na maharage yakatawanyika wodi nzima, yakaingia chini ya vitanda, Dieudonne akateleza nayo akashikilia nguzo.

Lusia akayaona. "Mwenzangu," akasema kwa hofu. "Mtoto wako!"

"Sina mtoto, Lusia. Mimi ni mkunga. Hawa ni wanafunzi wangu."

Lusia alimwangalia. Halafu hofu ikatoka usoni, ikaingia hasira, hasira ambayo mimi nisingependa kukutana nayo njiani.

"Umenidanganya! Nimekuambia mambo yangu yote!"

"Nimekudanganya tumbo. Ugonjwa sikukudanganya. Nitukane baadaye, nitakaa hapahapa unitukane. Sasa hivi sukuma."

Lusia akasukuma kwa hasira ileile, na Capitoline amempa bega ang'ate. Mtoto akatoka, wa kike, mdogo kama njiwa. Akakaa kimya, Dieudonne akamsugua mgongo kwa mikono yenye moto, akalia. Kifafa hakikuja. Waliendelea kukisubiri siku ile na iliyofuata, Séverine hakutoka kwenye kile chumba, na hakikuja.

"Imana ishimwe," akasema kwa Kirundi, yaani Mungu asifiwe, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunge lile tumbo akakaa chini sakafuni, juu ya maharage.

Lakini Lusia hakusema naye. Uji aliupokea kwa Capitoline. Maji ya kuoga aliyapokea kwa Capitoline. Séverine akiingia, Lusia anageukia ukuta na mtoto wake. Séverine alimpima vilevile, akamsugulia mikono vilevile, akatoka. Wanafunzi waliona inavyomuuma. Tumbo tupu limemkaa vibaya kuliko lile la turubai.

Siku ambayo Luhende alikuja kumchukua mkewe, na mtoto akatakiwa kutolewa nje kwa mara ya kwanza, Lusia alisimama mlangoni.

"Yako wapi yale maharage?"

Dieudonne alikuwa ameyaokota yote, ameyaosha. Akayaleta na kibuyu chake.

Lusia akayatazama, akamtazama Séverine, na mdomo ukaanza kumcheza, hajui acheke au aendelee kununa. "Kwetu mtoto akitoka nje kunapikwa," akasema. "Mimi nimejifungua, na huyu mwenzangu amejifungua. Mmoja apikiwe, mwingine asipikiwe?"

Séverine, ambaye hakulia mbele ya Mama Thacienne, alilia hapo.

Wakayapika na mahindi, kande, uwanjani mbele ya nyumba ya kusubiria. Lusia mwenyewe akamtuma Luhende na baiskeli kuwaita akina mama wa jumuiya waje kumwona mtoto wa Séverine. Mama Thacienne alikuja na uso wa msibani. Akapewa sahani.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

"Unamtafuna," Lusia akamwambia.

Ilichukua muda kumweleza, na muda zaidi kumpiga mgongoni alipopaliwa. Jumapili Séverine aliongoza sala, na Mama Thacienne ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote. Siku ya Jumatatu Capitoline alikuwa barazani kwa fundi, anataka tumbo lake, kubwa kuliko la mwalimu. Dieudonne alikuwa nyuma yake, naye akaenda kuchota maji na tumbo mjini kote, na waliomcheka aliwaambia wamshikie ndoo. Tangu hapo hakuna mwanafunzi aliyemgusa mama wa watu Ilembo bila kwanza kupita mikononi mwa fundi Apolinari, ambaye kwa hiyo ana haki ya kusema ndiye aliyewazalisha wakunga wote wa wilaya hii.

Na ile kande! Ililisha wodi, ikalisha jumuiya, ikalisha soko. Treni ya Tabora ilichelewa kuondoka kwa sababu dereva aliomba sahani ya tano, na abiria wote wakashuka na vijiko vyao, mabehewa yakabaki matupu, mkuu wa stesheni akaja mbio na bendera yake nyekundu mkononi akidhani ni ajali, naye alipoonja tu akatupa bendera chini na kuwaamuru—

"Shemeji. Treni imefikaje kwenye uwanja wangu?"

"Shemeji Séverine, nilidhani uko jikoni."

"Nilikuwa jikoni. Kilikuwa chungu kimoja, kilimtosha kila mtu kijiko kijiko, na wewe hukupata kwa sababu mkeo alikuzuia getini. Futa treni. Na hapo juu uliposema fundo, andika ukweli, mshono wako uli—"